Mafuriko Pwani: Maji Yakipungua Ndipo Maradhi Yanapoanza

Mvua za vuli za mwaka 2023, zilizonyesha kuanzia Oktoba hadi Desemba, ziliua zaidi ya watu 150 nchini Kenya na kuwahamisha zaidi ya nusu milioni kutoka makwao. Watu wa Tana River hawajamaliza kuanika magodoro, masika ya 2024 yakaingia. Mara hii waliokufa nchini walikaribia 300. Mwisho wa Aprili boti lilipinduka Kona Punda, karibu na Madogo, likiwa limebeba abiria. Waliopoteza maisha pale hawakuwa wavuvi wala hawakuwa wakivuka mto. Walikuwa wakivuka barabara ya Garissa, ambayo maji yalikuwa yameimeza.

Hizo ndizo hesabu tunazozisikia kwenye taarifa ya habari: waliosombwa, waliozama, nyumba zilizobomoka. Mtoto aliyeharisha wiki ya tatu hayumo ndani yake. Hayumo mfugaji aliyeshikwa na homa mwezi wa pili baada ya kumchinja mbuzi aliyekuwa taabani, wala mama mwenye presha ambaye dawa zake zilikwenda na maji. Waandishi wa habari huondoka maji yanapopungua, na malori ya unga huondoka nyuma yao. Maradhi ndiyo kwanza yanaingia.

Kwa nini Pwani hufurika

Pwani yetu hufurika kwa njia tatu, na kila moja ina madhara yake.

Ya kwanza ni mvua inayonyesha hapa hapa. Kisauni, Changamwe au Likoni, mvua ya saa mbili inatosha kugeuza njia kuwa mto, kwa sababu mitaro haipo au imejaa takataka.

Ya pili ni maji ya mbali. Mto Tana unatoka Mlima Kenya na Aberdare na kwenda kiasi cha kilomita 1,000 hadi baharini. Mtu wa Garsen anaweza kufurikiwa siku ambayo kwao halijadondoka tone. Sabaki nao ni ule ule Athi unaopita pembezoni mwa Nairobi, ukabadilishwa jina njiani. Kule kusini, Vanga na Jego hupata mafuriko ya Mto Umba, ambao chanzo chake kiko milima ya Usambara, Tanzania.

Ya tatu wanaijua zaidi wavuvi kuliko maafisa wa kaunti: bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa kupita siku nyingine, na Mombasa tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Mvua kubwa ikiangukia saa ya maji kujaa siku za bamvua, mitaro inayomwaga baharini haina pa kumwagia. Maji hurudi mitaani, na hurudi pamoja na kila kilichomo ndani ya mitaro. Kalenda ya mwezi mwandamo inatundikwa kila nyumba na kila msikiti. Sioni kwa nini isitumike kupanga siku za kuzibua mitaro na kuwatahadharisha watu wa mabondeni.

Juu ya hayo kuna hali ya bahari yenyewe. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, mvua za vuli huzidi. Likitokea hilo pamoja na El Niño, kama mwaka 1997 na 2023, huwa mambo makubwa. Mafuriko ya 1961, ambayo wazee bado wanayataja, yalitokana zaidi na joto hilo la Bahari ya Hindi.

Siku za mwanzo

Kuzama ndiyo hatari ya kwanza, na wengi huidharau. Maji ya magotini yanayokwenda kasi yanatosha kumwangusha mtu mzima, na ya futi mbili hubeba gari. Matatu inayojaribu kuvuka darajani kwa sababu iliyotangulia imepita ni kamari kwa roho za abiria.

Umeme huua pia, hasa nyumba za kupanga zenye nyaya zilizoungwaungwa. Swichi kubwa izimwe kabla maji hayajafika kwenye soketi. Yakishafika, usiiguse ukiwa umesimama majini.

Halafu kuna nyoka. Nao wanakimbia maji kama sisi, na mahali pakavu pakiwa ni pamoja tu, tunakutana. Swila na kifutu huingia majumbani, kwenye kuni na ndani ya mikeka iliyokunjwa. Aliyeumwa asichanjwe, asifungwe kamba ya kubana damu, asinyonywe jeraha, wala asibandikwe jiwe la nyoka. Alazwe, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, apelekwe hospitali haraka. Najua Tana Delta neno "haraka" ni gumu wakati barabara imekatika na boti ni moja. Kwa sababu hiyo hiyo dawa ya sumu ya nyoka inafaa ipelekwe kwenye zahanati za vijijini kabla ya mvua. Kuiacha makao makuu ya kaunti ni kuifungia ng'ambo ya maji.

Choo na kisima

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu maradhi mengi yanayofuata mafuriko Pwani yanapitia mlango huu mmoja.

Kisiwa cha Mombasa na sehemu kubwa ya ukanda wa bahari vimekaa juu ya jiwe la matumbawe. Jiwe hilo lina nyufa na matundu, na maji hupita ndani yake upesi bila kuchujwa vizuri. Nyumba nyingi hazijaungwa kwenye bomba la maji taka. Zina choo cha shimo au tangi la chini ya ardhi, na kiwanja hicho hicho, au cha jirani, kina kisima. Viwango vinavyotumika kwenye kambi za misaada vinataka choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na kwenye mwamba wenye nyufa umbali huo unatakiwa uongezwe. Nenda mtaa wowote wa nyumba za Kiswahili upime kwa hatua zako. Mara nyingi hutafika hata kumi na tano.

Wakati wa ukame mpangilio huu huvumilika kwa sababu maji ya ardhini yako chini. Mvua ikizidi, maji hayo hupanda, yakaingia shimoni mwa choo, yakachanganyika, yakatembea hadi kisimani. Hapo hata hayajaonekana mafuriko juu ya ardhi. Yakija ya juu nayo, choo hufurika na kisima kisicho na ukuta wa kukizunguka hupokea kila kitu. Na tuseme ukweli, wapo pia wanaongoja mvua kubwa ndipo wafungulie mashimo yao mtaroni, ili wasilipie gari la kunyonya uchafu. Wanaookoa pesa hiyo huwapelekea majirani gharama ya hospitali.

Kinachotoka kwenye kisima hicho ni kuhara, homa ya matumbo, homa ya manjano ya ini inayoenezwa kwa uchafu, na kipindupindu. Baada ya mafuriko ya 2023 na 2024, Tana River iliripoti wagonjwa wa kipindupindu. Ugonjwa huu huanza baina ya saa chache na siku 5 baada ya mtu kumeza vijidudu. Dalili yake ni kuhara maji matupu yanayofanana na maji yaliyooshewa mchele, mara nyingi bila maumivu makali ya tumbo, na ndiyo maana watu huchelewa. Mtu mzima mwenye nguvu anaweza kufa siku hiyo hiyo kwa kuishiwa maji mwilini. Lakini akipata maji ya kutosha mapema, karibu wote hupona. Mgonjwa aanze kunyweshwa nyumbani papo hapo na aendelee njiani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari visivyofurika, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mtoto anyonyeshwe bila kukatizwa, na zahanati itampa vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14.

Kuhusu kuyasafisha maji ya kunywa, kuna makosa mawili ya kawaida. La kwanza ni kutia klorini kwenye maji ya matope. Matope huila klorini, na vijidudu hubaki. Maji yaachwe yatulie kwanza, au yatiwe shabu kama walivyofanya bibi zetu, au unga wa mbegu za mzunze, kisha yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Ndipo yatiwe klorini na yangojwe nusu saa, au yachemshwe mpaka yatokote sawasawa. La pili ni kudhani kuchemsha kunaondoa kila kitu. Chumvi haitoki, wala mafuta ya gari au dawa za shamba zilizosombwa na maji hazitoki.

Kisima chenyewe nacho kinahitaji kutibiwa, na kazi hii karibu haifanywi kabisa. Kwanza maji ya ardhini yaachwe yashuke. Kisha kisima kichotwe, tope na takataka zitolewe, kuta zisuguliwe. Kikijaa tena, hutiwa maji ya klorini yenye nguvu ya asilimia 0.2, lita moja kwa kila lita 100 za maji yaliyomo kisimani. Kisima cha upana wa mita moja chenye maji ya kina cha mita 2 kina lita 1,570 hivi, kwa hiyo kinahitaji karibu lita 16 za dawa hiyo. Kiachwe nusu saa kwa uchache, na kulala usiku mzima ni bora zaidi. Halafu kivutwe mpaka harufu kali ya klorini iishe, na afisa wa afya ya umma apime kabla watu hawajaanza kunywa. Kwa visima vilivyo karibu na bahari kuna tahadhari ya ziada: usivute kwa pampu kubwa kwa pupa. Maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi, na ukiyavuta kwa nguvu unaivuta bahari pia. Kuta za kisima zilizolowa nazo huweza kuporomoka.

Misikiti mingi ina kisima chake, na jirani wasiokuwa na maji huchota hapo. Birika likijazwa kutoka kisima kilichoingiliwa na choo, kila anayetawadha husukutua maji hayo mara tatu kwa kila udhu. Hukumu ya maji yaliyobadilika rangi, harufu au ladha kwa najisi masheikh wetu wameshaieleza darasani. Ninachotaka kuongeza ni kwamba kipindupindu hakibadilishi rangi wala harufu. Kamati ya msikiti iwe ya kwanza mtaani kuita mpimaji.

Mbu, mifugo na homa

Mafuriko yenyewe husomba mazalio ya mbu, hivyo wiki ya kwanza mbu huweza hata kupungua. Wasikuhadae. Maji yakituama, yai la mbu wa malaria huwa mbu kamili baada ya siku 7 hadi 14, kisha vimelea vinahitaji muda wa kukua ndani yake na ndani ya binadamu. Wimbi la malaria kwa hiyo huja wiki ya sita hadi ya nane. Wakati huo familia zimesharudi kwao na vyandarua vya kambini vimeisha.

Mombasa na Lamu tuna mbu mwingine, yule mwenye madoadoa meupe anayeuma mchana. Huyu hapendi mto wala bwawa. Anataka pipa, tairi bovu, kifuu cha nazi. Ndiye anayeleta kidingapopo na chikungunya. Jina la chikungunya limetoka lugha ya Kimakonde na maana yake ni kujikunja, kama anavyotembea aliyeugua. Lamu iliugua mwaka 2004, na jambo la ajabu ni kuwa ulikuwa wakati wa ukame: watu walikuwa wameweka maji ndani ya vyombo visivyofunikwa. Baada ya mafuriko hali huwa ile ile, kwa sababu maji ya bomba hukatika na kila nyumba hujaza mapipa. Mfuniko ndio kinga.

Ugonjwa wa kuogopwa zaidi kwa wafugaji wa Tana River, Garissa na Lamu ni homa ya Bonde la Ufa. Ilielezwa kitaalamu mwaka 1931 kutoka shamba moja karibu na Naivasha. Mayai ya mbu wanaoibeba hukaa yamekauka ardhini kwa miaka, virusi vikiwa ndani, yakingojea mafuriko yaloweshe mabonde. Ndiyo maana huja baada ya mvua za ajabu na kisha hupotea watu wakaisahau. Baada ya El Niño ya 1997, wataalamu walikadiria kwamba watu 27,500 waliambukizwa katika iliyokuwa wilaya ya Garissa. Ikarudi mwishoni mwa 2006 na mwanzo wa 2007, na Wakenya zaidi ya 150 wakafa. Mwaka 2000 ilizuka Saudi Arabia na Yemen, mara ya kwanza nje ya Afrika, na soko la mifugo la Bara Arabu likafungwa kwa wafugaji wengi wa upande wetu.

Dalili ya mwanzo haiko kwa binadamu. Ni kondoo, mbuzi na ng'ombe kutoa mimba kwa wingi kwa wakati mmoja, na wana-kondoo kufa. Ukiona hivyo, mwite daktari wa mifugo kabla ya jambo lolote. Mtu huambukizwa zaidi kwa kushika damu na nyama ya mnyama mgonjwa, au kumsaidia kuzaa, kuliko kwa kuumwa na mbu. Mazoea ya kusema "tumuwahi na kisu kabla hajafa" ndiyo yanayoua. Mnyama anayeonekana mgonjwa hafai hata kwa udhhia. Kwa nini afae kwa kitoweo cha Jumanne? Maziwa nayo yachemshwe, ingawa najua wapo watakaonicheka.

Yapo mengine nitayapita haraka. Homa ya panya hutokana na mkojo wa panya ndani ya maji na huingilia michubuko ya miguu, na mara nyingi hutibiwa kama malaria mpaka figo ziharibike. Kichocho husubiri kwenye madimbwi yanayobaki, watoto wanapoogelea. Fangasi za miguu kila mtu anazijua.

Kisha wako wagonjwa ambao mafuriko hayakuwapa ugonjwa, yaliwanyang'anya dawa: wa kisukari, presha, kifua kikuu, wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, na wajawazito waliokaribia kujifungua. Kadi ya kliniki na dawa zifungwe ndani ya mfuko usioingia maji, pamoja na kitambulisho, msimu wa mvua unapoanza. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba mwaka 2023 wanawajua wagonjwa hawa nyumba kwa nyumba. Orodha hiyo ifike kwenye kambi siku ya kwanza.

Ardhi, mikoko na bahari

Si haki kuyaita mafuriko yote adui. Delta ya Tana, iliyoingizwa mwaka 2012 kwenye orodha ya kimataifa ya ardhi oevu ya Ramsar, imeumbwa na mafuriko. Mpunga wa Wapokomo hufuata maji, malisho ya ng'ombe wa Waorma wakati wa kiangazi hutegemea maji hayo hayo, na kamba wa Ghuba ya Ungwana hushamiri mto ukimwaga vizuri. Kilichobadilika ni mwendo wake. Mabwawa ya juu, kuanzia Masinga hadi Kiambere, huzuia yale mafuriko madogo ya kila mwaka yenye rutuba. Mabwawa yakijaa, kama Masinga ilivyojaa mwaka 2024, maji ya ziada humwagika kwa mkulima wa chini juu ya yale ambayo mto tayari umebeba. Hupoteza baraka na kupata balaa.

Udongo unaoshuka ni hasara mara mbili. Shamba la bara limepoteza, na bahari imepata kisichoifaa. Msimu wa mvua maji ya Malindi hugeuka rangi ya kahawia, kwa sababu Sabaki unateremsha mchanga na tope la nusu ya nchi. Matumbawe yanahitaji mwanga, na tope huyafunika. Hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyoanzishwa 1968, iko karibu na mdomo wa mto huo.

Mikoko tunaisifu kuwa ngao, na kweli ni ngao, lakini nayo hufa. Mchu hupumua kwa vijiti vinavyochomoza juu ya tope, na mkoko kwa ile mizizi yake ya kuning'inia. Baada ya mvua za 1997 na 1998, tope lililoshuka kwenye hori ya Mwache, nyuma ya Mombasa, lilifunika mizizi hiyo na sehemu kubwa ya miti ikakauka. Kupanda miche juu ya tope lile bila kuzuia mmomonyoko kule Kinango ni kupiga picha za sherehe tu.

Mafuriko pia hueneza mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa miaka ya nyuma ili kuzuia jangwa. Mbegu zake husafiri na maji, zikaota kwenye malisho mapya na kando ya mito, na panga haliumalizi. Takataka za plastiki nazo huishia horini Tudor na Makupa, na zikipwewa hubaki kwenye mikoko.

Fedha za maafa katika kaunti zetu hutumika zaidi kwenye chakula, maturubai na mafuta ya boti. Sizipingi, mwenye njaa hasubiri. Lakini angalia bajeti ya mwezi wa pili na wa tatu baada ya maji kushuka. Inafaa humo yawemo klorini, pampu ndogo, malipo ya mafundi wa kusafisha visima, vyandarua vya kupeleka vijijini na siyo kambini tu, na usafiri wa daktari wa mifugo hadi vijiji vya ndani ya delta. Mwakilishi wa wadi yako anaweza kuulizwa hayo kwenye kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti, kwa majina na kwa idadi: visima vingapi vilipimwa wadi hii baada ya mvua za mwisho, na vingapi vilikutwa na kinyesi.